Mikono, Viwiko na Magoti

Osileta haikuundwa kwa ajili ya muziki. Ni chombo cha mafundi wa redio: unazungusha kifungo, inatoa mlio mmoja usiokatika, na fundi anautumia kupimia mitambo mingine. Mlio huo hauna pumzi wala tamko, na ukiusikiliza dakika moja tu utaomba uzimwe. Mwaka 1967, huko New York, Simeon Coxe, mwimbaji wa bendi ya roki iliyoitwa The Overland Stage Electric Band, alipanda nayo jukwaani, tena ya kizamani, ya miaka ya 1940. Wapiga magitaa wake hawakupendezwa. Wakajiondokea mmoja mmoja hadi akabaki na mpiga dramu peke yake, Danny Taylor. Wawili hao wakajiita Silver Apples, jina walilolitoa katika shairi la W. B. Yeats.

Watu husema muziki wa umeme ni wa wavivu: mtu anabonyeza kitufe, kisha anapunga mikono hewani hadi saa ya kulipwa. Mara nyingi wanasema kweli. Nimekaa katika maonyesho ya namna hiyo, na kiingilio hakirudishwi. Lakini muziki huu ulipoanza kupanda majukwaa ya roki, miongoni mwa walioupandisha alikuwamo mtu aliyetoka jasho.

Simeon alirundika osileta moja juu ya nyingine mpaka zikafika tisa. Albamu yao ya kwanza ilipotoka mwaka 1968, mtambo wake ulikuwa na vidhibiti 86, vyote vya kuendeshwa na mwili wa mtu. Kinanda hakikuwapo. Kila mlio ulikuwa na mahali pake pa kuuwashia na kuuzimia, pengine swichi ya kugongea telegrafu. Milio ya juu aliipiga kwa mikono, viwiko na magoti. Besi akaiachia miguu. Na mdomo? Mdomo ulikuwa na kazi ya kuimba.

Mtambo wa aina hii haukupi ngazi ya sauti ya kupanda na kushuka upendavyo. Kila osileta lazima uitege kwenye noti yake kabla wimbo haujaanza, na vyombo vya valvu vya zamani vina tabia ya kupotea sauti kadiri vinavyopata moto. Noti ni chache, na hizo chache zenyewe hazitulii. Ndiyo maana nyimbo zao hazisafiri mbali. Katika “Oscillations” besi inazunguka palepale kama ng’ombe wa kinu cha mafuta, na mzunguko huo ndio unaokulevya. Bendi nyingi za roki ya saikedelia za wakati ule ziliutafuta ulevi huo kwa gitaa refu lisilojua kunyamaza. Hawa waliupata kwa uhaba.

Aliyeufanya uhaba huo ucheze ni Taylor, naye hasifiwi inavyomstahili. Wapiga ngoma wa kwetu huipasha ngozi moto hadi ilie wanavyotaka. Taylor alikaza ngoma zake hadi zikapatana na osileta. Kwa hiyo besi ikigonga, ngoma haiipigii mdundo tu, inaijibu kwa sauti yake. Isikilize dramu peke yake katika albamu ile ya kwanza, usahau mengine: utausikia wimbo.

Albamu ya pili, Contact, ya 1969, iliwaponza. Mbele ya jalada wamepigwa picha ndani ya chumba cha rubani cha ndege ya Pan Am. Nyuma wamekaa katikati ya mabaki ya ndege iliyoanguka. Pan Am ikaenda mahakamani. Bendi ikafa, na albamu ya tatu ikakaa kabatini hadi 1998. Mwaka huohuo, wakiwa wameshakutana tena, gari lao lilipata ajali na Simeon akavunjika shingo. Taylor alifariki mwaka 2005.

Baadaye Simeon alirudi jukwaani peke yake, na ngoma za Taylor zikatoka katika rekodi. Mwenye kusoma sifa zangu za jasho ataniuliza kama hiki si kile kitufe nilichokilaumu. Mimi nasema sicho. Zamani ngoma ndiyo iliyokazwa ili ikifuate chombo cha umeme. Safari hii ngoma hazikukazika tena wala hazikumngoja mtu. Mzee alipokosea, hapakuwa na mwenzake wa kumfunika. Ilibidi osileta ndizo zitegwe kuzifuata ngoma, na mtu mwenye shingo iliyowahi kuvunjika ahesabu mapigo ya rafiki yake bila kupitwa. Alizunguka na kazi hiyo kwa miaka, Marekani na Ulaya, akatoa albamu nyingine mwaka 2016, na alipofariki Septemba 2020 alikuwa na umri wa miaka 82.