Uwanja wa KICC: mnara niliokuwa nao mfukoni

Jamani, nimeuona! Nilipanda matatu ya usiku Suneka, nikapita Narok nimesinzia, na saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa KICC, jumba la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, shingo inauma kwa kutazama juu.

Ajabu ni kwamba nimekuwa nao mfukoni tangu 2019. Toa noti mpya yoyote ya Kenya, ya hamsini au ya elfu: mnara ni huu, na sanamu ya Mzee Kenyatta mbele yake. Sokoni Suneka tunaupokezana kutwa, tunaukunja, tunaufunga kwenye pindo la leso, na hakuna anayeutazama. Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha, kwa hiyo kuna waliokwenda kortini kulalamika kwamba Mzee amepitishwa mlango wa nyuma. Walishindwa.

Lakini noti inapunja! Humo vitu vimebanwa. Hapa mnara umesimama na nafasi yake, rangi ya chungu kilichotoka motoni, kichwa kimetanuka kama uyoga: humo ndimo ulimojengwa mkahawa wa kuzunguka. Pembeni yake, chini kabisa, kuna ukumbi wenye paa lililochongoka. Nilicheka peke yangu. Hiyo ni nyumba ya msonge! Paa la nyanya yangu, ila limekuzwa mpaka wajumbe wa dunia nzima wakaenea chini yake. Mrefu na mfupi, mviringo na ncha, na katikati yao sakafu pana inayokuachia nafasi ya kurudi nyuma ili uvione vyote kwa pamoja. Mimi nilirudi nyuma mara tatu, mara ya tatu nikamkanyaga mtu.

Kazi ilipoanza 1967, yalikusudiwa makao makuu ya chama tawala, KANU, tu. Karl Henrik Nøstvik wa Norway alichora pamoja na David Mutiso, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini. Kisha Nairobi ikapewa mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa Septemba 1973, na mchoro ukanenepa. Matokeo ni ghorofa 28, mita 105, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuna jengo jijini lililolipita. Chama kiliomba ofisi, nchi ikapata uwanja.

Sanamu nayo? Sisi wa Gusii tumekulia jirani na Tabaka, kwenye mawe ya sabuni, kwa hiyo nilianzia mikononi, maana mchongaji mvivu hujulikana kwa vidole. James Butler wa Uingereza hakuwa mvivu. Mzee ameketi kwa uzito, kama aliyeamua kwamba leo haondoki. Hata hivyo naona wivu: mwaka ule wa 1973, wachongaji wa Tabaka walikuwepo.

Getini unakaguliwa begi, basi, vumilia. Ukitoka, City Hall iko ng'ambo ya barabara, Mahakama ya Juu jirani, Bunge hatua chache.

“Auntie, picha moja?” Mpiga picha alinisimamisha pale pale nilipotaka. Nilimpa noti. Akainyanyua juani kuikagua, na kwa sekunde moja mnara mdogo ukakaa sawasawa mbele ya mkubwa.

“Ni nzuri,” akasema, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.