Mbwa wa Nyakahanga Kwenda Ulaya kwa Ndege: Ratiba, Damu na Karatasi

Kumpeleka mbwa Ulaya kwa ndege kutoka Nyakahanga, wilayani Karagwe, ni kazi ya miezi mitano hivi, na katika muda huo ndege yenyewe huchukua usiku mmoja tu. Muda uliobaki unakwenda kwenye chipu, chanjo, kipimo cha damu na vyeti. Kila hatua ina siku zake, na ikifanyika kabla ya zamu yake hurudiwa upya. Mtumishi wa hospitali anayekwenda masomoni Ujerumani na mgeni anayerudi kwao baada ya mkataba kwisha hupita njia hiyo hiyo.

Chanzo cha masharti yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, ni nadra mno kupona. Nchi nyingi za Ulaya zimeutokomeza ugonjwa huo kwa mbwa na hazitaki urudi. Kwa Umoja wa Ulaya, Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kwa cheti cha chanjo peke yake. Mbwa wa Karagwe anatakiwa kuthibitisha kwa damu yake kwamba chanjo ilimkubali.

Hatua ya kwanza ni chipu, na hapa ndipo wengi hukwama. Chipu ni kidude kidogo kama punje ya mchele kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, nacho hubeba namba ya tarakimu 15. Kinachotakiwa ni chipu ya viwango vya ISO 11784 na 11785, ili mashine ya uwanja wa ndege iweze kuisoma. Sheria inataka chipu iwekwe kabla ya chanjo, au siku hiyo hiyo kabla ya sindano ya chanjo. Mbwa aliyechanjwa kwanza akawekewa chipu baadaye huhesabiwa kuwa hajachanjwa, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechomwa sindano ndiye huyu aliyesimama mezani.

Kwa sababu hiyo chanjo za kampeni, zikiwamo zinazotolewa kuadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, hazitoshi kwa safari hii. Kampeni hizo zinaokoa maisha vijijini na zinastahili kuungwa mkono na kila mwenye mbwa. Ila mbwa wengi wanaochanjwa humo hawana chipu, na kadi wanayopewa huenda isiwe na jina la chanjo, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa kinga. Mbwa anayesafiri huchanjwa upya, akiwa na umri usiopungua wiki 12, na cheti huandikwa namba ya chipu. Maduka ya dawa za mifugo katika wilaya ya wafugaji huelekea zaidi kwenye dawa za kupe na minyoo ya ng'ombe, kwa hiyo chipu na kisomaji chake mara nyingi hulazimu kuagizwa kutoka miji mikubwa. Ni busara kuviagiza kabla ya kupanga tarehe yoyote.

Hatua ya pili ni damu. Baada ya siku zisizopungua 30 tangu chanjo, daktari wa mifugo huchukua damu kwenye mrija usio na dawa ya kuzuia kuganda. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwa mashine mpaka seramu, yale maji ya manjano, ijitenge juu. Seramu ndiyo inayosafirishwa. Mrija huandikwa namba ya chipu, hufungwa vizuri na kuwekwa kwenye ubaridi mpaka ufike maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Maabara ya Onderstepoort ya Afrika Kusini ni mojawapo. Sampuli nayo ina vibali vyake vya kutoka nchini na kuingia kule, na msafirishaji haipokei bila hivyo. Maabara hupima kama kingamwili za mbwa zinaweza kuvizuia virusi vya kichaa. Kiwango kinachokubalika ni angalau yuniti 0.5 kwa mililita moja ya seramu. Mbwa mwenye afya aliyechanjwa vizuri kwa kawaida hufikia kiwango hicho. Akishindwa, huchanjwa tena na kupimwa upya.

Majibu mazuri hayafungui mlango papo hapo. Umoja wa Ulaya unataka ipite miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa, muda wa kuona kama mbwa hakuwa tayari na maambukizi yaliyojificha. Mbwa aliyewekewa chipu na kuchanjwa Machi 1 anaweza kutolewa damu Aprili 2. Cheti chake cha safari kitaandikwa baada ya Julai 2, si kabla. Damu ikichelewa wiki mbili, safari nzima nayo inachelewa wiki mbili.

Anayekuja na mbwa kutoka Ulaya ana nafuu kubwa ambayo ni vibaya kuikosa. Mbwa akipimwa damu huko huko kabla ya kuondoka, na majibu mazuri yakaandikwa katika pasipoti ya mbwa, miezi 3 ya kungoja haimhusu wakati wa kurudi. Kipimo hicho hubaki halali maadamu chanjo ya marudio haijapitiliza tarehe.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya hutiwa saini na daktari rasmi wa serikali wa nchi anakotoka mbwa, na mbwa lazima afike ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Kwa Tanzania, mamlaka hayo yako Wizara ya Mifugo na Uvuvi, inayosimamia Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na vibali vya kupeleka wanyama nje.

Katika kuchagua uwanja wa ndege, ramani inadanganya. Kutoka Nyakahanga, lami ya Kyaka inashuka hadi Mto Kagera, na kutoka Kyaka mpaka wa Mutukula uko karibu. Uwanja wa Entebbe, Uganda, ni jirani kuliko wa Dar es Salaam. Lakini mbwa akivuka Mutukula anaingia nchi nyingine: anahitaji kibali cha kutoka Tanzania, ruhusa ya Uganda ya kuingia au kupita, na ukaguzi mpakani, huku saa ya zile siku 10 ikiendelea kuhesabu. Kwa mwenye mbwa mmoja, njia ya ndani ya nchi ina maofisa wachache wa kuwaridhisha, na Kilimanjaro, ambako KLM ina ndege ya kwenda Amsterdam, ni chaguo la busara zaidi ingawa barabara ni ndefu.

Mbwa wa kienyeji, mwenye pua ndefu, ni msafiri mzuri kuliko mbwa wa pua fupi ambao mashirika mengi huwakataa kwa sababu ya shida ya kupumua. Kwa ukubwa wake haingii kabini. Husafiri katika chumba cha mizigo chenye hewa na joto linalodhibitiwa. Kreti anamofungiwa hupimwa kwa kanuni za IATA, shirikisho la mashirika ya ndege duniani. Urefu wake ni urefu wa mbwa toka pua hadi shina la mkia, ukiongeza nusu ya kimo cha mguu toka sakafuni hadi kiwiko; upana ni mabega mara mbili; na kimo kinamruhusu kusimama bila kugusa dari. Seremala anaweza kuitengeneza ikiwa shirika la ndege linakubali, lakini mbao nzima zinazovuka mipaka hutakiwa kutibiwa kwa joto na kupigwa mhuri, sharti ambalo haliihusu plaiwudi. Matundu ya hewa yawe pande zote nne, mlango uwe wa chuma, na chombo cha maji kijazwe kutokea nje.

Mbwa aliyezoea kulala wazi akilinda migomba hajawahi kufungiwa. Kreti iwekwe uani wiki nyingi mapema, alie chakula humo na kulala humo mlango ukiwa wazi. Dawa ya usingizi isitumike: hushusha shinikizo la damu na kuvuruga joto la mwili mahali ambapo hakuna wa kumtazama.

Nje ya Umoja wa Ulaya masharti hutofautiana. Uingereza huongeza dawa ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na kwa ndege hupokea mbwa kama shehena tu. Marekani, kwa masharti yaliyoanza Agosti 1, 2024, haipokei mbwa chini ya miezi 6, na anayetoka nchi kama Tanzania bila kipimo cha damu huwekwa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

Anayetaka kuondoka Nyakahanga na mbwa wake mwezi Desemba kwenda Ulaya ahakikishe chipu na chanjo vimekamilika kabla Julai haijaisha.