Samaki Asiyekuwamo Ndani ya Joka

Mfini akitaka kumtaja joka wa hadithini husema lohikäärme. Lipasue neno hilo ambatano, utakuta vipande viwili vya kawaida kabisa: lohi, samaki aina ya salmoni, na käärme, nyoka. Kwa Kifini neno kuu hukaa mwisho, kinyume na kwetu, kwa hiyo huyu ni nyoka, na salmoni ndiye anayemfafanua. Salmoni atemaye moto? Labda ni magamba, utasema.

Magamba hayahusiki. Finland ilikuwa chini ya taji la Sweden hadi 1809, na Kiswidi cha kale kilikuwa na neno floghdraki, joka arukaye. Flogh ni kuruka. Draki limetoka kwa Wagiriki kupitia Kilatini. Aliyelipokea kwa Kifini alilikata kati. Draki alilielewa, akalitafsiri: käärme. Flogh akalichukua kwa sauti yake tu. Nusu tafsiri, nusu mkopo.

Utamu uko kwenye hiyo nusu ya mkopo. Kifini cha zamani hakikuvumilia konsonanti mbili kufuatana mwanzoni mwa neno. Kilikata ya mbele, kikabakiza iliyo karibu na irabu. Ndivyo glas la Kiswidi, yaani bilauri, lilivyokuwa lasi, na Stockholm hadi leo huitwa Tukholma. Flogh likapoteza f, gh ikalegea ikawa h, ikaongezwa irabu ya kumalizia. Hapo sikio likakutana na samaki linayemjua, likatulia. (Sisi fl hatuikati, tunaipachika irabu katikati: flannel ya Waingereza tumeivaa ikiwa fulana.)

Jirani zao Waestonia wana lõhe kwa samaki na lohe kwa joka. Irabu moja inawaepusha na mkanganyiko. Wafini hawana kinga hiyo.

Je, ni kosa? Mimi siliiti kosa. Ki- ya kitabu ni mali ya mzizi wa Kiarabu, lakini tuliisikia kama kiambishi chetu, tukapata vitabu. Kipilefti cha barabarani, keep left ya Waingereza, nacho kimezaa vipilefti. Kwa joka tu hatukukopa: tulimkuza nyoka kwa kumbadilishia kiambishi.

Basi mfasiri akikuletea "nyoka-salmoni" kutoka Kifini, mrudishie kazi yake.