Kusajili Rimoti ya Toyota Bila Kompyuta

Magari mengi ya Tabora yametumika kwanza Japani. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Dodoma, Manyoni na Itigi. Mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu. Rimoti yake ikifa, mwenye gari huambiwa atafute fundi mwenye kompyuta. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000, kazi hiyo hufanyika uani nyumbani bila kifaa chochote.

Ndani ya ufunguo kuna vitu vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakowagharimu watu. Chuma huzungusha swichi. Rimoti, yenye betri yake, hutuma mawimbi ya kufunga na kufungua milango. Chipu, kwa gari lenye immobilaiza, haina betri. Hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la swichi, kisha hujitambulisha ili injini iruhusiwe kuwaka. Wapo wanaonunua kasha jipya la ufunguo, wakahamisha bodi ya rimoti na kuisahau chipu katika kasha kuukuu. Milango inaitika, injini inagoma. Chipu husajiliwa kwa njia yake. Hapa nazungumzia rimoti tu.

Rimoti hutuma utambulisho wake pamoja na msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, ili aliyenasa mawimbi leo asiweze kuyarudia kesho. KeeLoq, mmoja wa mifumo maarufu ya misimbo hiyo, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, na Microchip ya Marekani ikaununua mwaka 1995. Kusajili ni kulifundisha gari utambulisho wa rimoti mpya. Lakini lazima gari liisikie kwanza: rimoti za soko la Japani hutumia masafa ya karibu MHz 315, za Ulaya MHz 433.92. Umbo na vitufe vinaweza kulingana kabisa na bado gari lisisikie chochote. Soma masafa kabla ya kulipa.

Sasa usajili wenyewe, ambao naupenda kwa werevu wake. Gari la miaka hiyo halina skrini wala kitufe cha kusajilia. Wahandisi wakatumia swichi zilizokuwepo: ya mlango wa dereva, ya kutambua kwamba ufunguo umeingia, na ya kuwashia. Kompyuta ndogo ya milango husubiri mfuatano ambao dereva hawezi kuufanya kwa bahati, kama hodi ya siri.

Mpangilio uliozoeleka ni huu, ingawa idadi hutofautiana kwa toleo na mwaka. Fungua mlango wa dereva, mingine ikiwa imefungwa. Ingiza ufunguo na kuuchomoa mara 2. Funga na kufungua mlango mara 2. Ingiza na kuchomoa mara 1, kisha funga na kufungua mlango mara 2 tena. Ingiza ufunguo, funga mlango, zungusha swichi hadi ON na kuirudisha, uchomoe. Kufuli zikijifunga na kujifungua, gari limekubali kusikiliza. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya kufunga na kufungua kwa sekunde moja na nusu, kisha cha kufunga peke yake kwa sekunde mbili. Kufuli zikicheza mara 1, rimoti imesajiliwa. Zikicheza mara 2, haikupokewa, urudie. Usizubae kati ya hatua, maana gari likisubiri mno huacha kusikiliza.

Swichi ikipelekwa ON mara 1, rimoti mpya inaongezwa. Ikipelekwa mara 2, rimoti zote za zamani zinafutwa. Wengi huchagua kuongeza, nami naona kwa gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu hilo ni kosa. Gari linalouzwa Tabora huenda jana lilikuwa Kigoma, Mpanda au Nzega, na rimoti ya pili ikabaki huko. Futa zote, kisha sajili zilizo mkononi mwako. Kufuta huko hakugusi chuma wala chipu: aliyebaki na ufunguo wa pili bado anafungua mlango, na analiwasha gari, hata lenye immobilaiza ikiwa chipu yake imesajiliwa. Huyo anazuiwa kwa kubadilisha silinda za milango na ya swichi.