Silinda Mbili Hazikuishiwa Pumzi

Mwaka 2018 Chaz Davies alimaliza wa pili katika Mashindano ya Dunia ya Superbike akiwa na Ducati Panigale R. Ulikuwa msimu wa mwisho kwa kiwanda hicho cha Bologna, Italia, kuingia daraja hilo na injini ya silinda mbili. Mwaka uliofuata ikaja Panigale V4 R, Álvaro Bautista akashinda mbio 11 za mwanzo mfululizo, na hukumu ikapita vijiweni: silinda mbili zimepitwa na wakati, haziwezi tena kupambana na nne. Hukumu hiyo ni tamu mdomoni, ila hesabu zinaikataa.

Tuipige hesabu yenyewe. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Mwaka 2018 waandaaji walimwekea kila mtengenezaji kikomo cha mizunguko: Panigale R ilipewa 12,400 kwa dakika, na Kawasaki ZX-10R ya Jonathan Rea 14,100. Zidisha cc 1,198 za Ducati kwa nusu ya mizunguko yake, unapata kama lita 7,430 za hewa kwa dakika. Kawasaki, yenye cc 998, inapata lita 7,040 hivi. Ni lita za kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna silinda inayojaa barabara katika kila kasi. Hata hivyo, aliyekuwa na nafasi ndogo ya kuvuta hewa ndiye aliyebeba ubingwa, tena akiwa mbali mbele.

Pistoni nazo hazikuwa zikiteswa. Kwa vikomo hivyo, pistoni ya Ducati ilisafiri kwa wastani wa mita 25.1 kwa sekunde na ya Kawasaki mita 25.9. Sasa iweke V4 R mezani: cc 998, kikomo 16,350, lita 8,160 kwa dakika, pistoni mita 26.4 kwa sekunde. Hapo ndipo zile mbio 11 zilipotoka. Waandaaji wakaikata mizunguko 250 msimu ukiwa bado mchanga, na mwisho wa mwaka Rea akatwaa tena taji lile lile kwa Kawasaki. Kuwa na nguvu nyingi ni jambo moja, kuwa bingwa ni jingine.

Kwa hiyo tatizo halikuwa pumzi. Turudi nyuma kidogo.

Mashindano yalipoanza mwaka 1988, kanuni ziliruhusu cc 750 kwa silinda nne na cc 1,000 kwa silinda mbili. Wengi waliona hiyo ni zawadi kwa Ducati, lakini pima uso wa pistoni, maana ndio unaobeba msukumo wa moto. Honda RC45 ilikuwa na pistoni nne za kipenyo cha milimita 72, jumla sentimita za mraba 163. Ducati 996 ilikuwa na mbili za milimita 98, jumla 151. Silinda mbili hazikupata upendeleo mkubwa kiasi hicho. Zilipewa karibu uso ule ule kwa njia nyingine, pamoja na pikipiki nyembamba inayogeuka upesi. Raymond Roche akaanza kuvuna mwaka 1990 na 851, akafuata Doug Polen, kisha Carl Fogarty kwa mataji manne.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka kwa Honda wenyewe. Kampuni iliyojijengea jina kwa injini za silinda nne ilikaa chini, ikatengeneza VTR1000 ya silinda mbili, na Colin Edwards akachukua nayo mataji ya 2000 na 2002.

Mwaka 2003 kila mtu akapewa cc 1,000, na faida ya ujazo mkubwa ya silinda mbili ikayeyuka kwenye karatasi. Ducati iliendelea kushinda, ingawa kwa haki tuseme kwamba viwanda vya Japani havikuwa vimejaa uwanjani miaka hiyo. Mwaka 2008 silinda mbili zikaruhusiwa cc 1,200, lakini kwa masharti: vizuizi vya milimita 50 kwenye njia ya hewa, na marekebisho ya uzito kulingana na matokeo. Troy Bayliss alishinda mwaka huo huo. Mwaka 2011 Carlos Checa akashinda na 1198 ya timu ya Althea, baada ya Ducati kuondoa timu yake ya kiwanda. Tangu hapo hakuna aliyechukua taji hilo na silinda mbili.

Nini kilibadilika? Kwanza, siri ya silinda mbili iliibwa. Katika V ya digrii 90 silinda hulipuka kwa nafasi zisizo sawa: digrii 270, kisha 450. Tairi la nyuma hupata kupumua kati ya misukumo, na dereva huhisi wapi linaanza kuteleza anapofungua mafuta kutoka kwenye kona. Yamaha R1 ya 2009 ilipindua kranki yake ili silinda nne zilipuke kwa mpangilio usio sawa, na Ben Spies akawa bingwa mwaka huo huo. V4 R nayo imepangwa hivyo: silinda zake hulipuka mbili mbili kwa kukaribiana, kisha kimya kirefu. Kompyuta za kuzuia mtelezo zikamalizia kazi iliyobaki.

Pili, na naona hii ndiyo sababu kubwa, ni gharama ya kubaki na shule mbili za injini. Pistoni ya Panigale ilifika milimita 112, ile ya 1299 ya barabarani 116. Kwenye sahani pana hivyo moto una safari ndefu kabla ya kuchoma mchanganyiko wote, na mafuta yanayojificha pembeni huongeza uchafu wa moshi. Wakati huohuo mainjinia wa Ducati walikuwa na V4 ya MotoGP tangu 2003. Kipenyo cha pistoni ya V4 R ni milimita 81, ambacho ndicho kikomo cha MotoGP. Sioni kama ni bahati nasibu.

Kanuni hazikuzifukuza silinda mbili. Nafasi ya cc 1,200 ilibaki vitabuni hata Ducati ilipoiacha. Iliyokosekana ni pikipiki dukani. Panigale V2 mpya ina cc 890, nguvu farasi 120, na vali zinazorudishwa na springi badala ya desmo, mfumo wa Ducati wa kuzifunga vali kwa mitambo. Ni mashine nzuri ya barabarani, si msingi wa Superbike.

Daraja la chini hali ni tofauti. Kwenye Supersport, V2 ya awali, ya cc 955, ilimpa Nicolò Bulega taji la 2023 na Adrián Huertas la 2024, na daraja la Sportbike lililopangwa kuanza 2026 limewafungulia mlango Aprilia RS 660, Yamaha R7 na Suzuki GSX-8R, zote za silinda mbili. Huko ndiko kwa kuzitazama. Kwenye Superbike hazitarudi kwa kubadilisha kanuni. Zitarudi siku kiwanda kimoja kitakapoamua tena kuuza pikipiki ya cc 1,200 ya silinda mbili iliyotengenezwa kwa mbio, na kwa sasa hakuna dalili kwamba kipo kinachotaka.