Fani, Maudhui na Ghorofa: Soweto Kinch na Birmingham ya B19

Uhakiki wa hip-hop aghalabu hunaswa katika mtego uleule ulioinasa sehemu kubwa ya uhakiki wa riwaya ya Kiswahili: kuyachambua maudhui kana kwamba fani ni gunia tu la kuyabebea. Rapa husifiwa kwa "kuisema jamii", lakini namna anavyoisema haiulizwi. Albamu ya Soweto Kinch, A Life in the Day of B19: Tales of the Tower Block (2006), haikubali kusomwa hivyo.

Kinch, mpiga saksafoni na mghani mwenye asili ya Barbados na Jamaika, alisomea historia Oxford, na makao yake ya kisanaa ni Birmingham. B19 ni msimbo wa posta wa mitaa kama Newtown na Lozells. Albamu inafuata siku moja ya wakazi watatu wa jengo la ghorofa, na msimulizi ni Moira Stuart, aliyekuwa msomaji wa habari mashuhuri wa BBC. Kejeli imo katika uteuzi huo: sauti iliyozoeleka kutangaza mambo ya dola inasimulia shida ndogondogo za watu ambao taarifa ya habari huwakumbuka hasa penye uhalifu. Hapo fani yenyewe ndiyo hoja.

Msomaji wa Kiswahili ataikumbuka "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, ambamo mgombea anamwaga ahadi na umati unaitikia. Kiitikio kinamuumbua msemaji, na waitikiaji pia hawasaliki. Jay alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, wimbo ukawa kipimo chake mwenyewe.

Hata hivyo, usimulizi wa Kinch una gharama. Vipande vya maelezo hukatiza mwendo wa muziki, na mara nyingine wahusika hukaribia kuwa vielelezo. Zaidi ya hayo, jazi ina kumbi zake na wateja wake. Je, B19 inasimuliwa au inaonyeshwa kwa wageni? Tamasha aliloanzisha Kinch, Flyover Show, chini ya barabara ya juu ya Hockley, ni jibu zuri kuliko utetezi wowote wa kinadharia. Mghani wa jadi alighani mbele ya watu waliowajua anaowataja, wakaweza kumsahihisha. Hip-hop inayodai kuisema jamii haina budi kukubali hukumu hiyo.