Njumu na Sari: Utambulisho na Ununuzi katika Filamu ya Bend It Like Beckham

Filamu ya Bend It Like Beckham (2002), kazi ya Gurinder Chadha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kukulia Southall, London, huelezwa mara nyingi kuwa ni mgongano wa mila na usasa. Jess, binti wa Kisingasinga, ataka kucheza kandanda. Mama yake ataka ajifunze upishi na unyumba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, maana yanalipuuza swali la msingi: nani anunuaye nini, na kwa fedha ya nani?

Mama ampa Jess fedha za viatu vya arusi ya dada yake, Pinky; Jess anunua njumu. Mtazamaji mwenye haraka atadhani kwamba hapa Uhindi umeuzwa ili Uingereza ununuliwe. Hata hivyo, apendaye zaidi maduka na mapambo ni Pinky, ambaye arusi yake ndiyo fahari ya jamaa. Sari na dhahabu navyo vyatoka madukani. Mila, basi, haikai nje ya soko. Jambo hili si geni katika pwani ya Afrika Mashariki: kanga, iliyo alama ya mwanamke Mswahili, kwa miaka mingi ilipigwa chapa Ulaya, India na Japani. Kinachomwudhi mama si ununuzi wenyewe, bali ni binti kujichagulia.

Lakini uhuru wa kuchagua una mipaka, na mipaka hiyo yaonekana kwa baba. Alikuwa mrushaji hodari wa kriketi Nairobi. Vilabu vya Uingereza vilimkataa na kukidhihaki kilemba chake. Jess avua jezi na kuvishwa sari na wachezaji wenzake, kisha arudi arusini. Kwake yeye vazi hubadilishwa. Kwa baba lilifunga mlango. Utambulisho, kwa hiyo, hauamuliwi na mvaaji peke yake, bali pia na yule ashikaye ufunguo.

Dosari ya filamu imo katika hitimisho. Idhini ya baba na nafasi ya masomo California zamaliza kila kitu, ilhali mama, ambaye fedha zake ndizo zilizonunua njumu, abaki kichekesho. Baba amepewa kisa cha kriketi kinachoeleza hofu yake. Mama hakupewa kisa kilicho sawa na hicho. Msanii amemtetea binti dhidi ya mama kabla mama hajasikizwa.